Fedha Ndani ya Tone la Heliamu

Garissa, Bulla Iftin
20 Septemba 1997

Kwa Eeddo Sabirin, dada mdogo wa baba yangu na mkubwa wa maneno,

Assalamu alaykum. Sisi wazima, joto pia zima. Ayeeyo, mama yako, anakusalimu, na magoti yake yanakusalimu, maana kila nikimjulia hali hayo ndiyo anayoyataja kwanza. Baba yuko Bute na ng'ombe wa biashara. Dada yangu Ikran amejifungua msichana, amempa jina lako. Kwa hiyo sasa tuna Sabirin anayelia usiku na Sabirin asiyeandika barua.

Mimi unayemwandikia si yule mtoto uliyemwacha. Form Two niliiacha mlangoni, hilo unalijua na ulishanitukana vya kutosha. Sasa ni fundi. Niko gereji ya mzee Alio pale karibu na mto, tunatengeneza injini za pampu za wenye mashamba. Eeddo, kutoka darajani mpaka shamba la mwisho la ndizi hakuna injini ya dizeli isiyonijua kwa jina.

Sasa tuje kwenye kesi yako. Barua yako ya Agosti ilifika. Nikamsomea Ayeeyo kama kawaida, macho kwenye Kiswahili na mdomo kwenye Kisomali. Nikafika pale ulipoandika, "Kazi yangu ni kutengeneza chembe za fedha ndani ya matone ya heliamu." Ayeeyo akasema, "Rudia." Nikarudia. "Fedha gani?" Nikasema ile ya bangili, ile ya kung'aa. Akavuta kanga, akasema, "Mtoto wangu anatengeneza fedha." Mimi nikaongeza kidogo tu. Kabla ya alasiri Bulla nzima, mtaa wote, ilikuwa inajua kwamba Sabirin wa Ayeeyo Khadijo amepewa mashine na Wajerumani ya kutengeneza fedha kwa baridi. Arbia wa duka la nguo amekuja na bangili yake iliyovunjika, anataka nikutumie uikuze.

Basi nieleze vizuri, na haraka, maana nimeshaeleza watu na sijui nilichoeleza. Kwa siku unatoa kilo ngapi? Na uandike Kiswahili. Kisomali nakimwaga lakini kukiandika hatukufundishwa, na Kiingereza chako kina pembe.

Mtoto wa kaka yako,
Hamze, fundi


Ujerumani
14 Oktoba 1997

Hamze, eeddo,

Wa alaykum salaam, ewe fundi usiyeogopa injini wala shule. Nakuita eeddo kama unavyoniita, nisije nikasahau desturi yetu. Nimefurahi kwa ajili ya Ikran. Mbusu mtoto, umwambie mwenye jina ana kikohozi cha wiki mbili lakini hajambo. Mpe Ayeeyo dawa ya magoti niliyoifunga humu, apake, asinywe. Na mbuzi wangu je? Unajua mbuzi aliyefungiwa jina langu siku nilipokatwa kitovu alikuwa mmoja tu. Nilipoondoka uzao wake ulikuwa arobaini na mmoja. Wamefika wangapi?

Kuhusu kilo: warya, we kijana, mrudishie Arbia bangili yake leo hii.

Sikiliza, nitakueleza kama fundi kwa fundi. Heliamu ni ile gesi ya kujaza maputo yanayopaa. Mimi naipitisha, ikiwa na presha kubwa, kwenye nozeli yenye tundu jembamba kuliko unywele, mara kumi kuliko unywele. Nozeli nimeipoza karibu na baridi ya mwisho, ile ambayo chini yake hakuna baridi nyingine popote. Upande wa pili wa nozeli ni chumba cha chuma kilichonyonywa hewa yote. Gesi ikitoka humo inapigwa na baridi ya ghafla, inakuwa matone madogo sana, huyaoni hata kwa hadubini, yanaruka moja kwa moja kama risasi.

Na haya si matone ya maji, Hamze. Haya ni kimiminika kisicho na msuguano. Ukikoroga chai inazunguka, inachoka, inasimama. Hiki hakichoki. Kitu kikiwa ndani yake kinatembea kana kwamba hakuna kitu.

Njiani matone yanapita juu ya tanuri dogo, dogo kama kikombe cha kahawa, lenye fedha iliyochemka mpaka ikawa mvuke. Kila tone linaokota atomu moja ya fedha, nyingine, nyingine. Humo ndani atomu zinaogelea, zinakutana, zinashikana. Zikishikana zinatoa joto, na tone linatoa jasho: kwa kila atomu ya fedha inayojiunga, maelfu ya atomu za heliamu zinaruka nje. Tone likiwa dogo linakwisha kabla fedha haijakusanyika. Likiwa kubwa, linafika mwisho wa chumba na chembe yake tumboni, na huko kuna mashine inayozipima uzito na kuchora vilele kwenye karatasi, kilele kimoja kwa kila idadi.

Ninachotafuta ni hiki. Atomu moja ya fedha haing'ari. Mbili hazing'ari. Bangili inang'ara. Katikati hapo, ni ya ngapi inayoanza kuwa fedha? Ndilo swali langu, na kulijibu nahitaji chembe za atomu mia. Mpaka leo nimepata za atomu tatu.

Nikifanya kazi tangu leo mpaka mtoto wa Ikran aolewe, fedha yote nitakayotengeneza haitafunika ukucha wake. Waambie hivyo Bulla nzima.

Eeddo wako,
Sabirin


Garissa
9 Novemba 1997

Eeddo,

Baada ya salamu nyingi: dawa imefika, Ayeeyo alinusa, akapaka, sasa anasema magoti yamepata akili. Mtoto anakua. Baba bado yuko Bute, barabara imekatika. Mvua, eeddo! Mvua ambayo wazee wanatazama juu wakiuliza nani kaacha wazi. Mto umepanda mpaka shamba la kwanza, ndizi zimesimama majini kama wanawake wanaofua. Redio inasema ni bahari ya mbali sana imepata homa. Mimi nasema kwa nini homa yao ije kutumaliza sisi.

Barua yako nimeisoma mara sita. Mara ya kwanza niliisoma kwa sauti mbele ya Ayeeyo, Arbia na wanawake wengine wanne waliokuja na vipande vyao vya fedha vimefungwa kwenye leso. Nilipofika pale pa ukucha nilikohoa, nikaruka mstari. Arbia, ana macho yule, akasema, "Mbona umeruka?" Nikasema karatasi imelowa. "Hamze, karatasi kavu hiyo, naiona." Basi nikatafsiri. Halafu Arbia akacheka mpaka akashika ukuta: "Mwaka mzima, na mashine ya chuma, na Wajerumani, kutengeneza fedha isiyoonekana! Walaahi hata mume wangu anaweza."

Lakini Ayeeyo hakucheka. Aliniambia nisome tena pale pa jasho. Nikasoma. Akasema, "Tone likiwa dogo linakufa njiani." Nikasema ndiyo. "Basi afanye makubwa." Eeddo, unasikia? Umelipiwa masomo miaka minane, na bibi kizee wa magoti mabovu amekupa jibu kabla chai haijachemka. Hebu nieleze, matone makubwa yana shida gani? Hiyo nozeli yako ina ukubwa gani? Mimi nozeli ni watu wangu. Nimeshafungua za kila injini. Nitumie yako, nitakurudishia imeng'aa.

Gereji tumeihamishia juu, mto uliingia ukachukua benchi na spana kumi na nne za Alio. Tulikimbiza ile benchi mpaka kwenye miba. Alio analia spana kama watoto wake.

Nisikuchoshe. Mimi mzima.

Fundi wa nozeli za dunia,
Hamze


Ujerumani
3 Januari 1998

Hamze, eeddo,

Ramadhani njema kwenu nyote. Barua yako ya Novemba ndiyo ya mwisho niliyopata. Redio ya hapa imetaja Garissa mara mbili, na Mjerumani akitaja Garissa ujue kuna balaa. Wanasema mji umekuwa kisiwa. Niandikie hata mistari miwili. Na hukunijibu habari ya mbuzi.

Mwambie Ayeeyo amesema kweli, matone makubwa ndiyo dawa, na hakuna mtu hapa aliyelisema kwa maneno machache vile. Tone la kubeba atomu mia lazima lianze na heliamu nyingi mara mia ya haya yangu. Kuyapata kuna njia moja tu: kuipoza nozeli zaidi. Na hapo ndipo ninapouawa.

Kila nikiipoza, inaziba. Naanza asubuhi vizuri, matone yanatoka, yanakua, moyo unadunda. Mchana nikitoka kidogo nikirudi imeziba. Sasa Ramadhani ni mbaya zaidi. Jua hapa linazama saa kumi na nusu, nakwenda kufuturu, tende tatu na maji, naswali, narudi baada ya nusu saa, nozeli imekufa. Kuiyeyusha na kuipoza upya ni siku nzima. Nimeibadilisha mara kumi na moja. Nimenunuliwa kichujio kipya cha gesi. Mtungi mpya. Mwenzangu aliyeijenga mashine hii alishamaliza shahada yake akaondoka, na mimi sitaki kumwita mzee wa maabara kila siku kama mtoto aliyepoteza kiatu. Gesi yenyewe ni ghali, na naionea huruma. Silali nikifikiria pumzi hata moja iliyopotea.

Nitakwambia jambo ambalo sikutaka kuliandika. Usimsomee Ayeeyo. Tarehe 31 Machi mashine hii anapewa mtu mwingine. Nisipokuwa na chembe kubwa kwenye karatasi siku hiyo, ufadhili wangu unakwisha na shahada hakuna. Miaka mitatu na nusu, halafu narudi na masweta mawili.

Nimeandika na nimejisikia vizuri kidogo. Kuleni sambusa zangu.

Sabirin


Garissa
12 Februari 1998

Eeddo! Eeddo! Eeddo!

Salamu baadaye. Soma kwanza hii: UNAFUNGA BOMBA.

Sasa kaa chini nikueleze. Barua yako ya Ramadhani imenifikia jana, Idi imeshapita siku nyingi, maana barabara ya Nairobi ilikuwa ziwa na mifuko ya posta imelala sijui wapi. Imekuja na ndege ya chakula cha msaada. Nimeisomea nyuma ya gereji. Nilipofika "narudi baada ya nusu saa nozeli imekufa" nikaruka nikagonga kichwa kwenye chasisi. Alio akauliza, "Umepata mke?" Nikamwambia nimepata nozeli.

Mwaka jana mwezi wa sita nilikuwa na injini ya shamba la Korane. Dizeli ilikuwa chache. Nikaona ujanja: wakati wa chakula nafunga bomba la tangi ili isidondoke hata tone, injini yenyewe inamalizia iliyo kwenye mpira. Nikirudi haiwaki. Nikafungua nozeli, safi. Nikaifunga. Haiwaki. Nikafungua tena. Siku tatu! Alio akaja, akaweka mkono kwenye mpira, akaniuliza, "Bomba hili nani alilifunga injini ikizunguka?" Nikasema mimi, kwa kuhifadhi. Spana ilipita hapa, karibu na sikio. "Mpumbavu wa kuhifadhi! Mpira ukiwa na presha, ufa wake unatoa nje. Ukiunyima, na mbele kuna kitu kinanyonya, ufa ule ule unavuta ndani. Umeinywesha injini hewa!"

Yako ni hiyo hiyo. Ukienda kufuturu unafunga mtungi, sivyo? Usinidanganye, nakujua. Mwaka ule wa ukame uliniacha na sabuni machoni ukafunga bomba ukasema nimalizie kwa kitambaa. Mpaka leo jicho la kushoto linawasha. Sasa tazama: mtungi umefungwa, kile chumba chako kilichonyonywa hewa yote kinanyonya mpaka mpira wa gesi unabaki mtupu, na kwenye maungio yoyote, hata yaliyokazwa vizuri, hewa ya Ujerumani inaingia taratibu. Hewa ikifika kwenye nozeli yako ya baridi ya mwisho itafanya nini? Itaganda. Jiwe! Kichujio utabadilisha mpaka Kiyama, mwizi anaingia kwa mlango wa nyuma.

Wewe umekulia mahali ambapo mtu akiacha bomba wazi anachapwa. Wajerumani wenzako hawafungi, ndiyo maana hawakukuuliza, hawawezi hata kuota kwamba kuna mtu anafunga. Acha wazi! Nenda kaswali, nenda kalale, iache inapiga kelele. Itakuuma moyo. Acha iume.

Leo ni tarehe kumi na mbili. Posta siiamini, kwa hiyo nakwenda uwanja wa ndege mwenyewe na hii bahasha, nimpe rubani mkononi. Nimemshonea kamba ya viatu iliyokatika juzi, ananijua.

Salamu sasa: Ayeeyo mzima, mtoto ana jino. Baba amerudi, amekonda. Kuna ugonjwa wa mifugo upande wa mto, watu wa serikali wamekuja na makoti na glavu. Usiulize habari za mbuzi, uliza habari za mashine.

Hamze

Na Ayeeyo nimemsomea yote, hata ile uliyokataza. Nisamehe. Aliona uso wangu.


Ujerumani
6 Machi 1998

Hamze, eeddo,

Salamu kwa wote. Sijapata barua yenu tangu ile ya Novemba. Leo nozeli ya kumi na tano imeziba. Zimebaki siku ishirini na tano, na mashine nikiiyeyusha na kuipoza kila siku ni sawa na kumi na mbili.

Nimeanza kufunga vitabu kwenye maboksi. Usiwaambie. Nimejiambia si msiba. Nitarudi, nitachunga mbuzi wangu, hao hawana nozeli. Arobaini na mmoja waliozaa miaka mitatu lazima wamepita sabini. Nitakaa nao upande wa kule kwenye nyasi, na mtu akiniuliza Ujerumani nilifanya nini nitamwambia nilijifunza baridi.

Mbona hunijibu habari zao? Wewe ambaye huwezi kunyamaza hata ukiwa usingizini?

Sabirin


Ujerumani
24 Machi 1998

Hamze! Fundi! Mwizi wa siri za watu!

Bahasha yako imefika tarehe 17. Ina mihuri mitatu, imekunjwa mara nne, na inanuka ngozi ya jaketi. Rubani wako alitembea nayo mwezi mzima, Mungu amsamehe, nimeshamsamehe mimi.

Niliisoma nikiwa nimesimama ngazini. Mstari wa kwanza nilikasirika. Mtoto wa Form Two! Wa pili nikaketi. Kwa sababu ni kweli, Hamze. Kila nikitoka nafunga. Mkono unafunga wenyewe. Nimejaza daftari tatu kwa kila kitu nilichofanya kwenye ile mashine, saa na dakika, na kufunga bomba sikuandika hata mara moja, kama vile mtu haandiki kwamba amepumua.

Siku hiyo hiyo nikaipoza. Kesho yake adhuhuri nikaacha bomba wazi, nikaenda kuswali. Ewe, swala ile Mungu anajua ilivyokuwa, masikio yangu yote yako chini kwenye kelele za gesi. Nikarudi. Inatoka! Nikaiacha usiku kucha. Asubuhi inatoka! Nikapoza zaidi, digrii moja, nyingine, mahali ambapo sijawahi kufika. Matone yakawa makubwa mpaka mashine ya mwisho ikawa kama imepigwa mawe. Siku ya tatu nikaongeza moto kwenye tanuri la fedha, pole pole, na karatasi ikaanza kutoka. Vilele vitatu. Vinne. Kumi. Kalamu haikusimama. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, kwa Kisomali, peke yangu, nikilia na kucheka, na ilipopita mia nikapiga kigelegele. Katika maabara ya Ujerumani, Hamze, kigelegele!

Mzee wa maabara akashuka mbio, soksi na kandambili. Akatazama karatasi. Akahesabu kwa ncha ya kalamu mpaka mia na ishirini na kitu. "Umebadilisha nini?" Nikamwambia nimeacha kufunga bomba. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba siku zote nilikuwa naendesha gari nimefumba macho. "Nani alikwambia?" Nikamwambia mtoto wa kaka yangu, fundi wa injini, Garissa. Akaomba nimwandikie jina lako vizuri, na ripoti ikichapishwa litakuwa pale mwisho, kwenye shukrani. Usianze.

Mashine haendi nayo mtu. Wamenipa mimi, na ufadhili umeongezwa. Ile ahadi yangu ya kurudi nyumbani Juni, masomo yakiisha, tutaongea.

Nimekutumia nakala ya karatasi. Kila kilele ni chembe ya ukubwa wake: cha kwanza atomu moja, cha pili mbili, hivyo hivyo kwenda mbele. Urefu wake unaonyesha zimekuja ngapi za ukubwa huo. Mwonyeshe Ayeeyo.

Sasa nijibu habari ya mbuzi. Nina nguvu za kusikia.

Eeddo wako,
Sabirin


Garissa
19 Aprili 1998

Kwa Eeddo wangu,

Assalamu alaykum kutoka kwa mtu ambaye jina lake litachapishwa Ujerumani. Nimeanza. Alio nimemwambia kwamba kuanzia sasa chai analeta yeye. Amenirushia kikombe, lakini kwa heshima.

Idi ya kuchinja ilikuwa nzuri, barabara imefunguka, mtoto amesimama akishika sufuria.

Mbuzi. Nitaandika haraka kabla mkono haujakataa. Wa kwanza walikwenda na maji Novemba. Wengine ugonjwa, Desemba na Januari, kumi kwa siku, damu puani. Wamebaki sita, zizi zima. Wako ni wawili kati ya hao, jike na jike. Ayeeyo alinikataza tangu mwanzo, alisema, "Asiambiwe mpaka amalize kitu chake. Akijua atafunga mizigo." Barua yako ya Machi, ile ya kuchunga, imetufikia pamoja na hii ya kigelegele, kwenye mfuko mmoja. Namshukuru Mungu kwa posta mbovu. Ningeisoma peke yake ningefanyaje?

Sasa sikia ya jana. Nilikusanya watu uani: Ayeeyo, baba, Ikran, Arbia na wale wa leso. Nikasoma yote, sikuruka hata neno. Pale pa kigelegele Arbia akakipiga cha kwake, mtoto akalia, mbwa wa jirani akakimbia. Pale pa Juni nilisoma "tutaongea" na baba akatazama chini. Sote tulielewa. Mtu anayekuja haandiki "tutaongea." Mimi mwenyewe, nilivyofurahi wiki nzima, ndipo hapo nilipojua kwamba nimekuzibia njia ya kurudi kwa mkono wangu.

Ayeeyo akanyoosha mkono. Akaomba karatasi. Akaiweka juu ya mkeka, akachukua njiti ya kiberiti, akaanza kupita vilele kimoja kimoja, midomo inatembea. Unamjua akihesabu mifugo jioni, hutakiwi hata kukohoa. Arbia akaninong'oneza, "Anatafuta nini?" Nikamwambia sijui, pengine anaona wamepungua.

Alifika mbali. Akarudi mwanzo. Akapita tena. Halafu akaweka njiti kwenye kilele kimoja akaniita.

"Huyu ni wa ngapi?"

Nikahesabu. Wa tisa.

"Mrefu. Anayemfuata kafupika ghafla, kama amekatwa." Akasogeza njiti. "Na huyu?"

Wa ishirini na moja.

"Naye vile vile. Na huko mbele kuna mwingine. Wote wamezaliwa kwenye baridi moja, wamepita moto mmoja. Kwa nini hawa ni wengi na ndugu zao wa pembeni wachache?"

Nikamwambia Ayeeyo, mimi ni fundi wa nozeli, hayo muulize mwanao. Akasema, "Kwani yeye anajua?" Nikasema hakuandika, kwa hiyo huenda hajui. Akaikunja karatasi, akaitia chini ya mto wake, akanyoosha magoti, akaniambia niandike hivi, na nisipunguze:

"Mwambie asije mpaka ajue."

Hamze